Koti Langu Liko Kwenye Begi Lako

Tunduma, nyumbani
Saa tisa alasiri

Mwanangu Sekela,

Salamu tulishapeana asubuhi. Uliniuliza nimeamkaje, nikaitikia kwa kichwa, ukaridhika, ukavuka mpaka zako Nakonde kutafuta viatu. Kwa hiyo sina haja ya kuanza na "natumaini u mzima". U mzima mno, nimekusikia ukiimba bafuni tangu saa kumi na mbili. Na mimi ni mzima kwa kiasi changu. Hilo la mimi kuwa mzima ndilo lililonikalisha mezani na kalamu.

Ningekuita tukae tuongee, lakini mdomo wangu unaujua. Tangu kiharusi kile, tungefika jioni bado tuko kwenye "habari za huko". Mkono wa kulia Mungu aliniachia, basi naandika. Tena si hilo tu. Siku hizi nikiongea unaniangalia mdomo, huniangalii macho. Mimi nimeigiza maisha yangu yote, Sekela. Namjua mtu anayenisikiliza, na namjua mtu anayenisoma ili akanifanye kwingine. Kwenye karatasi hakuna mdomo wa kuangalia, kwa hiyo hapa itabidi unisikilize.

Mambo ya kushika pochi, kutokula cha mtu kwenye basi na kupiga simu ukifika Makambako, mama yako atakwambia. Atakwambia mara tatu, na mara ya nne utakuwa umeshakaa kwenye siti. Mimi sina ushauri wa safari. Nina neno moja, la koti.

Ulipotoka nilisikia baridi begani, nikaenda kuchukua koti langu la kahawia kwenye msumari nyuma ya mlango. Halikuwepo. Nikadhani mama yako amelifua, nikaenda kwenye kamba, halikuwepo. Nikaingia chumbani kwako, na kwa hilo niwie radhi, baba hapekui begi la binti yake mkubwa. Lakini zipu ilikuwa wazi, na mkono wa koti ulikuwa umechungulia nje. Umelikunja vizuri chini ya kanga mbili, umeliwekea na sabuni linukie. Nilikaa kitandani kwako muda mrefu. Sikulitoa.

Najua unakolipeleka. Video zako nimeziona. Ulidhani sijaziona kwa sababu simu yangu ni ya tochi, lakini Tunduma hii malori yakikwama kwenye foleni madereva hawana kazi nyingine zaidi ya kuangalia simu. Mwezi uliopita mmoja alishuka kununua maji kwenye kibanda chetu. Akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena. "Mzee, mukwai, huyu binti anakuiga wewe," akasema kwa ule Uzambia wake wa heshima, akanionyesha. Nikakuona umevaa koti hilohilo, umejichora ndevu kwa masizi ya sufuria, mkono wa kushoto umeukunja kifuani, mdomo umeuvuta pembeni. Mzee anataka kumwita binti yake amletee chai. Jina halitoki. "Se... Se... Se..." Chai inachemka, inamwagika, moto unazimika, na mzee bado yuko kwenye "Se".

Nikwambie ukweli, nilicheka. Nilicheka mpaka yule dereva akanisogezea kiti nisianguke. U fundi, mwanangu. Pale kwenye kukwama ulisubiri pumzi tatu nzima kabla ya kupepesa jicho. Pumzi tatu zile mimi nilizitafuta miaka sita, wewe umezipata jikoni kwa mama yako. Nilijivuna. Kisha dereva akaondoka na simu yake, nikabaki kibandani peke yangu, na hofu ikaniingia. Mpaka leo haijatoka.

Mama yako amenieleza mengine, usimgombeze, nilimbana. Kwamba wenye kipindi huko Dar es Salaam wanamtaka huyohuyo mzee, kila wiki. Kwamba wamesema uje na nguo zake. Mimi uliniambia kwa mkato tu: "Baba, nimepata kazi ya kuigiza." Maneno hayohayo nilimwambia baba yako mkubwa Lazaro, nimesimama kwenye mlango wake kule Itaka na begi begani. Akanibariki bila kuuliza nitamuigiza nani.

Wewe umekulia katika honi za malori na kelele za wabadili kwacha, mambo ya Itaka umeyasikia juujuu. Kwetu mtu akifa, mtani wake ndiye anayeushika msiba. Anavaa koti la marehemu. Anatembea alivyotembea, anakohoa alivyokohoa, anamgombeza mjane kwa sauti ileile kwamba chumvi imezidi. Watu waliolia tangu alfajiri wanashika mbavu, mjane naye anacheka na machozi hayajakauka. Wazee walisema mtu akishachekwa vizuri anaondoka bila kinyongo. Ila koti huvaliwa baada ya udongo. Aliye hai unamtania usoni, naye anakujibu, mnamalizana. Kumvalia koti lake wakati bado analihitaji ni kumchimbia kaburi, na hakuna mtani mwenye akili angefanya hivyo.

Mimi nilianzia huko. Babu yangu mzaa mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne, na mjukuu ni mtani, wakanivalisha koti lake likafika magotini. Tangu siku hiyo nikawa naitwa kwenye misiba yote ya wajomba, na baadaye ya watu wasio hata wajomba, mpaka Mbangala nilifika. Watu walisema huyu kijana ana macho mabaya, anaona mtu mpaka ndani. Nilipokuja Tunduma kufunga maturubai ya malori nikaendelea. Foleni ikilala siku tatu, madereva wanachoka, mimi napanda juu ya turubai nawafanyia ofisa anayesoma karatasi kichwa chini, nawafanyia mbadili fedha anayehesabu noti huku anaongea na watu wanne. Humohumo kwenye foleni akanikuta mtayarishaji mmoja wa filamu, gari lake limekwama, akasema nimfuate Dar. Huyo ndiye niliyekuwa nikimwita Bosi.

Miaka ya kwanza nilikuwa mlinzi anayelala. Nikawa mlevi. Nikawa mganga mwongo, kisha mlevi tena. Nilikuwa nachekesha kidogo, kama mtu yeyote aliyeangushwa kwenye ndoo ya maji. Ndipo siku moja tulikuwa na kipande kibovu, mzee anaulizwa njia na hana la kusema. Bosi akachoka akaniambia, "Wewe fanya chochote." Sikufikiri. Nikamfanya Lazaro.

Unamkumbuka kidogo. Kaka yangu, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba, Lazaro ndiye aliyenilea. Alikuwa akinibeba mgongoni kwenda shule siku za matope, na mguu wake mbovu. Mguu huo uliumia alipoanguka na gunia la kahawa akiwa kijana, mfupa ukaunga vibaya, akawa anauburuta, na kila hatua ya tatu anasimama kidogo. Halafu ile kofia. Ukimuuliza chochote, hata "umekula?", anaivua kwa mkono wa kushoto, anatazama ndani, anairudisha kichwani, anasema, "Sasa basi," ndipo anajibu.

Nilifanya hivyo mbele ya kamera. Mguu, hatua tatu, kofia, pumzi tatu, "Sasa basi." Mpiga picha alicheka kamera ikatikisika tukarudia. Wiki ileile Bosi akanipa kipindi, na mhusika akampa jina Sasabasi. Mwaka haukuisha, Sekela, nikawa siwezi kununua nyanya sokoni bila watu kunivulia kofia. Mama yako alipata friji. Wewe ulizaliwa umekuta picha yangu kwenye makalenda.

Sasa nisikilize hapa. Mimi nilijua ile kofia ni ya nini. Ujanani Lazaro alikuwa na hasira mbaya, aliwahi kumpiga mwenzake kilabuni nusura amuue. Mama yetu akamwambia: kabla hujamjibu mtu yeyote, vua kofia, hasira yako iache mle ndani, ndipo ufungue mdomo. Akatii miaka thelathini. Kila alipotazama mle ndani alikuwa anajizuia. Mimi nikawaonyesha watu mjinga anayetafuta jibu kwenye kofia. Nilichukua mkono wake na kofia yake, ile sababu nikaiacha Itaka kwa kuwa haikuwa inachekesha.

Sikumuomba. Halikunijia hata kidogo kwamba kuna cha kuomba. Yeye hana runinga, nilijisemea, hatajua. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinakusanyika kwa mwenye jenereta kila Jumamosi.

Ulikuwa na miaka mitano tulipokwenda Krismasi. Nimekodi gari, nimevaa miwani, ule upuuzi wote. Watu wakajaa uani. Lazaro akatoka ndani kutupokea, na mguu wake, na kofia yake. Shangazi mmoja akamuuliza kama wageni watakunywa chai kwanza. Akavua kofia akatazama ndani. Wewe ukaruka ukapiga makofi: "Baba, baba, baba mkubwa anakuiga." Uani pale watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Hukuwa na kosa, ulikuwa mtoto, na ulisema ulichokiona. Lazaro naye akatabasamu, akakupa kipande cha muwa.

Baada ya kula akaniita nyuma ya nyumba, kwenye vichanja vya kahawa. Akawa anageuza kahawa kwa kiganja, haniangalii.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimeshakufa?"

"Kaka, maneno gani hayo?"

"Nauliza tu. Watoto wananifuata njiani na makofia. Kanisani nikisimama kusoma matangazo, watu wanacheka sijafungua mdomo. Juzi nimetangaza kifo cha mama wa watu, wakacheka, mpaka wafiwa wakacheka. Haya yote nayajua mimi, nimezika watu wengi. Hufanyiwa aliyekwisha fukiwa. Kama nimekufa niambie, nijue moja."

Nikamcheka. Ndiyo, nilimcheka, nikampiga begani. "Hiyo ni kazi tu kaka. Watu wanakupenda."

Mkono wake wa kushoto ukapanda kwenye kofia. Nikasubiri aivue. Hakuivua. Mkono ulikaa pale juu, kisha ukashuka polepole, akaufuta kwenye suruali. "Haya," akasema. Hakusema "Sasa basi", na sikuwahi kumsikia akilisema tena.

Ungedhani hapo nilishtuka. Nilishtuka, lakini kwa namna nyingine, na hili sijawahi kumwambia hata mama yako. Wiki iliyofuata, mbele ya kamera, Sasabasi aliulizwa swali. Mkono ukapanda kwenye kofia, ukakaa, ukashuka bila kuivua, akaufuta kwenye suruali. Bosi alisimama akapiga makofi. Akasema ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimesimama mbele ya ndugu yangu anayeniuliza kama yu hai, na mimi nilikuwa namsoma.

Ndiyo maana, mwanangu, nikikuona unaniangalia mdomo, najua jinsi kunavyokuwa huko ndani. Siwezi kukuita mbaya. Jicho likishazoea kazi hiyo halifumbi hata nyumbani.

Yaliyofuata aliniambia Ezekieli, binamu yetu, ambaye kwa Lazaro ndiye aliyekuwa mtani. Kaka yangu aliacha kusoma matangazo. Kisha akaacha kofia. Kisha akaanza kujifunza kutembea upya, akijaribu kuunyoosha mguu usioweza kunyooka, akianguka mashambani. Akawa anajibu watu papo kwa papo bila kutazama popote, na ile hasira aliyoizuia miaka thelathini ikawa inatoka, akagombana na kila mtu. Watu wakasema Lazaro kabadilika.

Akashikwa na kifua. Ezekieli akampeleka kituo cha afya, wakakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nesi akamuita akamuuliza anaumwa nini. Kichwa kilikuwa wazi, hakuwa na kofia, lakini mkono umezoea, ukapanda wenyewe. Mtu mmoja kwenye benchi akasema, "Sasabasi huyo." Benchi zima likacheka, wagonjwa kwa wazima. Lazaro akasimama akatoka. Nesi alimfuata mpaka getini akimbembeleza kama mama yake, Ezekieli akamshika mkono, hakurudi. Alifia kitandani kwake siku ya tisa, hajaonwa na daktari.

Nilifika nikiwa na miwani yangu. Tulizika. Baada ya udongo Ezekieli akafanya inavyopasa, akavaa koti la Lazaro, akavaa kofia iliyotolewa kwenye sanduku la nguo, akatoka katikati ya watu. Alipiga hatua tatu na ule mguu, akasimama, akavua kofia. Watoto wakaanza kupiga kelele, "Sasabasi, Sasabasi." Watu wazima wakacheka, lakini hawakumcheka Lazaro, waligeuza shingo wananitafuta mimi. Ezekieli akajaribu tena, akabadilisha sauti, akajaribu kikohozi. Haikuwezekana. Akaja mpaka niliposimama.

"Siwezi," akasema. "Kila nikimfanya Lazaro anatoka yule wa kwenye runinga. Umemmaliza wote. Hukutuachia hata wa kuzikia."

Akanipa kofia mkononi. Kaka yangu aliondoka bila kuchekwa, Sekela. Mtu aliyechekwa nchi nzima, kwake kaburini hakupata hata kicheko kimoja kilicho chake. Wazee walitawanyika wameinama, na hakuna aliyeniaga.

Nilirudi kazini, maana nilikuwa na mkataba. Nilipofika kwenye kofia, mkono haukupanda. Tulirudia mara kumi na mbili. Bosi alinivumilia wiki mbili, akamleta kijana mwingine, akamvalisha kofia, naye akamfanya Sasabasi vizuri tu bila kumjua Lazaro wala Itaka. Kipindi kiliendelea bila mimi, na watu wengi hawakugundua. Tukarudi Tunduma, wewe ukalia kwa ajili ya friji. Nikafungua kibanda cha maji, kwa kuwa kwenye turubai sikuweza tena kupanda.

Na mkono ulioniondoka kwenye kiharusi ni huu wa kushoto, ule wa kuvulia kofia. Daktari alisema ni presha. Mimi sibishani na daktari.

Sasa nije kwetu mimi na wewe, kabla hujarudi na hivyo viatu. Nilikwenda duka la dawa wiki iliyopita kuchukua vidonge vyangu. Kulikuwa na vijana wawili wamekaa ndani wanasubiri. Nilifungua mdomo nitaje dawa, na unajua huwa nachelewa. Sijatoa neno, mmoja akamgusa mwenzake: "Ni yule mzee wa Se-Se-Se." Wakaangua kicheko. Hata binti wa dukani, mtoto mpole, anayeniuzia siku zote, alifunika mdomo kwa karatasi. Nikageuka nikatoka. Mama yako nimemdanganya kwamba dawa zimeisha dukani, zitaletwa. Leo ni siku ya sita sijameza.

Sikwambii haya ulie, wala sikutishi. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili nililichuma mimi kabla wewe hujajua kufunga viatu. Nakwambia kwa sababu Lazaro hakuniambia hadi nilipomfikia na gari la kukodi, na aliponiambia nilicheka. Nataka wewe uambiwe mapema, na mtu ambaye bado anaweza kuandika.

Kuna kitu kimoja hukukiona, pamoja na jicho lako lote. Ulichukua kukwama kwangu, hukuchukua sababu. Maneno mengine yakinipotea naokota jirani yake. Sukari ikigoma nasema ile nyeupe. Radio ikigoma naonyesha kwa kidole. Mama yako nimeshamwita "wewe" na "huyo", naye amezoea. Nakwama kwenye jina lako tu, kwa sababu hilo sitaki kulibadilisha na jingine. Ningeweza kukuita "binti" likatoka mara moja. Nakaa pale kwenye "Se" nikitafuta, nikijua chai inamwagika, kwa kuwa nalitaka hilohilo. Daktari wa mazoezi alisema nisikate tamaa, nilirudie kila siku. Huwa nalirudia kibandani malori yakipiga honi, hakuna anayenisikia. Mara mbili limetoka zima.

Sikukatazi kwenda. Mimi ni nani hata nikukataze? Kipaji ulicho nacho ni kikubwa kuliko foleni ya malori, na ukibaki hapa utakuja kunichukia kwa kukaa bure. Nenda, uchekeshe watu, wanahitaji. Dunia imejaa watu wa kuwaiga, na wengi ukiwauliza watakubali, tena watakuonyesha na mambo ambayo hukuyaona. Mimi sikujua kwamba mtu huulizwa, nalo ndilo kosa langu lote, hayo mengine ni matawi.

Lakini hujaniuliza, Sekela. Umechukua koti kwenye msumari.

Basi nifanyie hivi. Kesho alfajiri, kabla hujafunga zipu, livae uje hapa mezani. Simu iache chumbani. Mama yako asiwepo, atalia atuharibie. Nifanye mimi, mbele yangu, ukiniangalia macho, mdomo uuache. Mkono, mguu, chai, vyote. Ukifika kwenye jina usiharakishe, kaa pumzi zote tatu kama ulivyofanya. Nitakuuliza swali nililoulizwa kwenye vichanja vya kahawa, nami najua litanitoka, nimelifanyia mazoezi leo mchana.

Ukiweza kumaliza, koti ni lako, ondoka nalo na baraka zangu. Sitakuwa na kinyongo. Nitamtumia Ezekieli salamu, bado yupo, ana meno mawili, nimwambie siku yangu ikifika asihangaike kuvaa koti, kazi hiyo ilishafanyika.

Na ukifika kwenye jina ukashindwa, usiniombe radhi, wala usiseme kitu. Livue tu, ulirudishe kwenye msumari wake, uende ukapande basi. Asubuhi hapa kuna baridi, mwanangu, na mimi bado naisikia.

Ni mimi,
Baba yako